Uchovu wa Pamoja

Jumatatu asubuhi Mabano aliikuta kibodi yake imelowa. Wafagiaji wa zamu ya usiku walikuwa wamepita na dawa ya kupulizia bila kuangalia, basi akaigeuza kichwa chini, akaipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, akaiegemeza dirishani ikauke. Wakati akisubiri alikunywa chai iliyokwisha kupoa. Chumba chao kilikuwa nyuma ya stoo ya sabuni, na kila kitu humo, hata mkate, kilikuwa na ladha ya limau la kiwandani.

Jina la Mabano alipewa na wenzake, kwa kuwa siku nyingi alionekana amekodoa macho kwenye skrini akitafuta bano moja lililosahaulika kufungwa. Alikuwa msanidi programu wa kampuni ya usafi na ulinzi, ile inayopeleka wafagiaji na walinzi kwenye maghorofa ya watu wengine, na mfumo wa kupanga zamu ulikuwa mikononi mwake. Mfumo ukimpanga mtu mahali pawili kwa wakati mmoja, Mabano ndiye aliyetukanwa. Aliyepangwa, kwa kawaida, alikwenda kote kuwili.

Wiki hiyo kulikuwa na kazi mpya, na Mabano aliitaka, jambo ambalo halikuwa limemtokea kwa muda mrefu. Mlinzi mmoja alikuwa amelala wima kwenye mlango wa jengo la mteja, macho wazi, na wageni wakamtundikia makoti yao. Mteja akalalamika. Ndipo meneja alipoleta mashine za kubonyeza kidole gumba, ambazo muuzaji aliapa kwamba zinasoma uchovu wa mtu kuanzia sifuri hadi mia, akataka mfumo uuhifadhi. Atakayevuka themanini atumiwe ujumbe aende nyumbani, na zamu yake apewe mwingine.

"Msije mkadhani ni huruma," meneja aliwaambia. "Ni sura ya kampuni."

Mabano hakujali ilikuwa nini. Dada yake alikuwa mfagiaji wa kampuni hiyohiyo. Dada huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamsomesha kwa mikono iliyochubuliwa na dawa za vyoo, na sasa walikaa pamoja katika vyumba viwili vya juu kabisa kwenye nyumba isiyo na lifti. Moyo wa dada ulikuwa umepanuka. Daktari alikwisha kumwambia apumzike, naye alimwitikia daktari vizuri kabisa, kisha akaenda kazini. Hakuwa mtu wa kuomba. Msimamizi akimkuta ameketi, aliruka akasimama na kuomba radhi. Mabano alikwisha kumsihi, akamgombeza, akamnunia, bila mafanikio. Sasa aliona njia. Mfumo wenyewe ungemwambia nenda nyumbani, na dada yake, ambaye hakuwahi kuikaidi amri yoyote iliyokuja kwa maandishi, angekwenda.

Kibodi ilipokauka, alifungua programu ya kuandikia msimbo. Kwenye menyu akachagua Ongeza, halafu Klasi. Klasi ni kielelezo tu: unaandika mara moja mtu ni kitu gani, na mfumo unawatengeneza watu wote kwa mfano huo. Akaiita Mfanyakazi. Alipobonyeza Sawa, watu mle jengoni walikaa wima kidogo, kila mmoja pale alipokuwa, kama waliosikia wakitajwa chumba cha pili, kisha wakaendelea na shughuli zao. Klasi ya Meneja ilikuwepo tangu zamani, iliandikwa na msanidi aliyemtangulia, na ilisimama peke yake bila kurithi chochote kwa yeyote. Mabano aliiacha ilivyo.

Akachagua Ongeza tena, safari hii Methodi. Methodi ni jambo ambalo mtu wa klasi hiyo anaweza kulifanya. Akaiita nendaNyumbani. Hii hakuiharakisha, aliiandika, akaisoma kwa sauti ya chini, akaisoma tena.

Mwisho aliongeza kigeu, yaani pale mahali pa kuwekea thamani inayopanda na kushuka. Kidirisha kikafunguka kikimtaka jina, aina na thamani ya kuanzia. Akajaza: uchovu, namba, sifuri. Chini kabisa palikuwa na kisanduku kidogo kilichoandikwa Cha pamoja. Ukikitia alama ya vema, kila mtu hapati kigeu chake. Kinakuwa kimoja, mali ya klasi nzima. Siku chache nyuma Mabano alikuwa ameongeza nembo ya kampuni, ambayo kweli ni moja kwa wote, na programu ile ina tabia ya kukumbuka ulivyofanya mara ya mwisho. Vema ilikuwa imekaa palepale. Simu ikaita. Alikuwa dada yake, akiuliza kama chumvi imebaki nyumbani. Mabano akasema imebaki, akabonyeza Sawa, akaipandisha kazi yake kwenye seva.

Mchana mlinzi wa getini, ambaye hakuwa ameinuka kitini tangu asubuhi, alisema miguu inamwaka kama mtu aliyepanda ngazi za mji mzima. Karani wa mishahara alijaribu kunyanyua kikombe, mabega yakagoma. Kwenye meza ya pili Mashaka, aliyeitwa hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuujaribu msimbo wa wenzake na kutouamini, aliegemeza kichwa ukutani.

"Mabano."

"Ee."

"Kigeu chako umekifanya cha pamoja."

Mabano akaangalia. "Kweli. Nimekifanya."

"Nilijua tu. Huu mgongo si wangu. Wangu huuma upande wa kushoto." Akafumba macho. "Utarekebisha?"

"Kesho asubuhi."

Angerekebisha kweli, kama si mambo ya jioni ile. Dada yake alirudi nyumbani akipiga mluzi. Alipika, akaosha vyombo, akapanga kabati ambalo lilikuwa halijapangwa tangu wahamie, na alipomaliza akasimama katikati ya chumba akitafuta kingine cha kufanya.

"Leo kazi ilikuwa nyepesi, sijui kwa nini," alisema. "Na wewe mbona umekaa kama gunia? Hebu kula, mdogo wangu. Mnafanyishwa nini huko kwenye viyoyozi?"

Mabano alikuwa hoi, taabani kabisa, kijiko chenyewe kizito. Lakini hakuwa amemwona dada yake akiwa hivyo tangu Mabano mwenyewe alipokuwa msichana wa shule, na moyo ulimkataza kuigusa furaha ile. Akajiambia kwamba kesho nayo ni siku. Kesho ilipofika akajiambia vilevile.

Watu walizoea upesi. Ilifahamika kwamba anayelala analalia wote, kwa hiyo mlinzi wa getini, ambaye zamani alikatwa mshahara kwa kusinzia, sasa aliletewa mto. Anayebeba alibebea wote pia, na wafagiaji waliponyanyua ndoo, wahasibu waliguna. Karani wa mishahara alipokwenda fungate, ofisi nzima ilimsindikiza kwa vigelegele ikitarajia pumziko la kutosha. Yaliyotokea yakawa kinyume, na aliporudi alitaniwa mpaka akakoma kwenda kunywa chai na wenzake. Mashaka alisema hata yeye mchumba hana lakini amechoka kama bwana harusi.

Meneja peke yake ndiye aliyebaki kama kawaida. Uso wake ulikuwa shuka iliyotoka kupigwa pasi. Kila asubuhi alifungua mfumo, na mfumo ukamwonyesha namba moja kwa wafanyakazi wote: hamsini na kitu, hamsini na kitu tena. Hakuna aliyekaribia themanini. Hakuna aliyetumiwa ujumbe wa kwenda nyumbani, hata mara moja. Meneja akaona kwamba watu wake wana nguvu kuliko alivyodhani, akaondoa siku ya mapumziko. Namba ikapanda kidogo. Akaona bado kuna nafasi, akawapunguza kazi nusu ya wafagiaji. Siku ile waliopunguzwa walitoka getini wepesi, wakirukaruka kama watoto waliofunga shule, maana hawakuwa tena wa klasi ile na uchovu wao waliuacha nyuma. Waliobaki waliupokea kabla lango halijafungwa. Namba ikafika sabini na tano, ikatulia hapo.

Dada hakuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Alipewa maghorofa ya wale walioondoka, akayashukuru.

Kliniki alikwenda kwa sababu Mabano alimshika mkono akamtia kwenye gari. Daktari, mama mmoja asiyepoteza maneno, alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akamtazama mshipa wa shingoni ukicheza.

"Unachoka?"

"Wala sichoki, daktari. Siku hizi ni mzima kabisa."

Daktari akamgeukia Mabano. Mabano akaeleza habari ya kigeu, kisanduku na vema. Daktari aliandika huku akiitikia kwa kichwa. Alikwisha kuwaona wengine wa kampuni ile.

"Uchovu ndio unaomwambia mtu aketi," alisema. "Wake mmeugawana, sawa. Moyo je, mmeugawana?"

"Hapana."

"Basi moyo unafanya kazi ya watu watatu na hakuna wa kumwambia aache. Arudishiwe uchovu wake, alale. Msipofanya hivyo ataanguka siku moja akiwa amechangamka."

Njiani dada alikunja na kukunjua leso mapajani.

"Mimi ule wangu wa zamani siutaki," alisema mwishowe. "Lakini kumbe mmekuwa mkinibebea. Sikujua. Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unapiga mluzi, dada."

"Aibu gani hii. Mlinzi mwenyewe mzee wa watu." Akatazama nje. "Nirudishie. Ila uniache nifike nyumbani kwanza, usinirudishie kwenye korido za watu."

Kesho yake Mabano aliaga kwamba anafanyia kazi nyumbani. Dada alikuwa na zamu ya mchana. Alioga, akafunga kitambaa kichwani, akajilaza kitandani chali kama mtu anayesubiri kutolewa damu. Mabano alikaa pembeni yake na kompyuta mapajani, akaifungua klasi, akakitafuta kigeu, akaitoa vema. Programu ikauliza uchovu uliokwisha kukusanyika urudishwe kwa nani. Akachagua: kwa wenyewe.

Mwili wa Mabano ukawa mwepesi papo hapo, mpaka akajishika ukingo wa kitanda. Dada yake alitoa pumzi moja ndefu, ya miaka, na godoro likabonyea chini yake. Kinywa kikafunguka. Mkono ukadondoka pembeni. Kwenye skrini, mbele ya jina lake, namba ilikimbia ikapita themanini, ikapita tisini, ikasimama tisini na saba. Simu yake ikalia kidogo juu ya stuli. Ulikuwa ujumbe: Nenda nyumbani.

"Uko nyumbani, dada," Mabano alimwambia. "Lala."

Alikuwa amekwisha lala. Mabano alifurahi mpaka akaogopa. Alimfunika shuka, akafunga pazia, akarudi kuketi, akazisikiliza pumzi zile nzito moja moja bila kufanya kingine chochote.

Furaha hiyo haikupata hata muda wa kuzoeleka. Meneja alipiga simu.

"Mabano, umegusa nini?"

"Nimerekebisha kosa, bosi."

"Kosa gani hilo? Wafagiaji wote wametumiwa ujumbe. Wote! Walinzi wa usiku wote. Wameacha ndoo katikati ya korido, mteja mmoja ameteleza. Hapa ofisini karani anaruka kamba."

"Uchovu ulikuwa wa pamoja, bosi. Sasa kila mtu ana wake."

Meneja alisikika akibonyeza vitufe.

"Ulipokuwa wa pamoja, mfumo ulikuwa unafanya kazi?"

"Ulikuwa unafanya kazi, lakini..."

"Basi lile halikuwa kosa. Kosa ni hili la leo. Rudisha kama ilivyokuwa."

"Bosi, dada yangu ana ugonjwa wa moyo. Yuko hapa amelala. Daktari amesema..."

"Dada yako ninamwona hapa kwenye skrini. Miezi yote hii hajavuka themanini. Ningekuwa na wafagiaji kumi kama yeye nisingekuwa na shida." Sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa sauti ya mtu aliyelala vizuri. "Mimi simfukuzi mtu anayeumwa, Mabano. Lakini kwenye mfumo haumwi. Rudisha, tafadhali, kabla wateja hawajatukimbia."

"Siwezi, bosi."

"Haya. Mashaka yuko hapa, atarudisha yeye."

Kwa nyuma ilisikika sauti ya Mashaka ikisema kwamba kompyuta yake leo ina uzito, inabidi kwanza aizime na kuiwasha. Mabano alimwelewa. Hakuwa na muda mwingi, lakini alikuwa nao kidogo. Akachagua Ongeza, kisha Klasi. Angetengeneza klasi ya mtu mmoja, ya dada peke yake, yenye uchovu wake na ruhusa yake ya kwenda nyumbani, isiyochangia na mtu. Kidirisha kikauliza klasi hiyo inarithi kwa nani. Jibu lililoruhusiwa lilikuwa moja, Mfanyakazi. Nafasi ya kutorithi kwa yeyote ilikuwepo, lakini imefungwa kwa nywila ya meneja. Alijaribu mara kadhaa. Akajaribu kumtoa dada kwenye mfumo kabisa, na kidirisha kikamkumbusha, kwa maandishi madogo, kwamba asiye Mfanyakazi hana kadi ya matibabu, na dawa za mwezi huu zitafutwa. Mabano akaondoa mkono kwenye kibodi.

Simu ilikuwa bado iko hewani. "Samahani, Mabano," Mashaka alisema, karibu sana na kipaza sauti. "Amesimama nyuma yangu."

Vema ilirudi.

Ilianzia miguuni. Mabano aliusikia uchovu ukipanda taratibu magotini, kiunoni, ukamkalia mabegani, ukashuka mikononi mpaka kwenye kucha. Ulikuwa wa wengi, wa ndoo na ngazi na milango iliyosimamiwa usiku kucha, na ulikuwa mkubwa kuliko zamani, kwa kuwa watu wa kuugawana walikuwa wachache. Kompyuta ilimteleza mapajani, ikatua kwenye shuka. Kwenye skrini, namba za watu wote zilijikusanya zikawa moja, na methodi ya nendaNyumbani ikageuka rangi ya kijivu. Programu ile hufanya hivyo kwa jambo ambalo hakuna anayelitumia. Chini yake palitokea swali kama ifutwe.

Dada alifumbua macho. Alijinyoosha, akapiga mwayo, akaketi.

"Ah, afadhali. Nimelala sana?"

"Hujalala, dada. Rudi ulale."

"Usingizi umeisha kabisa. Sasa hivi saa ngapi? Nitachelewa." Tayari alikuwa amesimama anafunga vifungo vya sare. Akavuta viatu vyake kutoka chini ya kitanda, akaingiza mguu wa kulia, ukakataa. Akaingiza wa kushoto, nao ukakataa. Ilikuwa imevimba yote miwili, imejaa, inang'aa mpaka kwenye enka. Akaibonyeza kwa kidole, kidole kikaacha shimo. Akacheka.

"Na hii miguu ya nani tena? Mimi mbona sijachoka!"

"Dada, usiende. Nakuomba."

"Nisiende nimekuwaje? Nina maghorofa ya watu yananisubiri." Akavikanyaga viatu visigino, akavivaa kama kandambili. Aliinama akambusu Mabano kwenye paji la uso, akamtazama vizuri, uso ukamwingia huruma. "Wewe ndiye wa kupumzika, mdogo wangu. Umechoka wewe! Usinisubiri kula."

Akachukua mkoba, akafungua mlango, na mluzi ukaanza kabla hajaufunga nyuma yake. Mabano alitaka kumkimbilia amzuie, lakini hakuweza kuinuka.